Upepo Ulao Theluji

Katika majira ya baridi, wafugaji wa ng'ombe wa jimbo la Montana, kaskazini mwa Marekani, husikiliza kwanza habari za hali ya hewa kabla ya kuanza kazi yo yote. Mara nyingi habari hizo huwa fupi: theluji kidogo itaanguka usiku, kisha upepo utavuma kutoka magharibi na joto litapanda. Mgeni asikiapo maneno hayo hufurahi, akidhani ya kuwa shida imekwisha. Mfugaji mzoefu hufurahi pia, lakini huuliza swali moja zaidi: Je, baada ya joto hilo kutakuja nini?

Upepo huo huitwa Chinook, jina la kabila la wenyeji wa Marekani waliokaa karibu na mahali mto Columbia unapoingia katika Bahari ya Pasifiki. Watu wengine huuita mla theluji, na jina hilo linaufaa. Hewa yenye unyevu hutoka baharini na kuipanda milima ya Rocky. Ipandapo hupoa, na mvuke wake hugeuka mvua na theluji, ambazo huanguka upande wa magharibi wa milima. Mvuke ugeukapo maji hutoa joto, nalo hubaki hewani. Hewa hiyo ikiisha kuvuka vilele huwa kavu, nayo hushuka kwa kasi upande wa mashariki, ikibanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake. Kila mtu aliyepata kujaza gurudumu la baiskeli anajua ya kuwa pampu hupata moto kwa jinsi hewa inavyobanwa ndani yake. Mlimani ni vivyo hivyo: kila hewa hiyo kavu ishukapo mita 1,000, joto lake huongezeka kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Ndiyo sababu upepo uliopita juu ya barafu hufika bondeni ukiwa na joto, na theluji iliyolala huko hutoweka kwa saa chache.

Nguvu za upepo huo ni za kustaajabisha. Asubuhi ya tarehe 22 Januari, 1943, katika mji wa Spearfish, jimbo la South Dakota, kipimajoto kilionyesha nyuzi 20 chini ya sifuri. Dakika mbili baadaye kilionyesha nyuzi 7 juu ya sifuri. Joto liliendelea kupanda mpaka nyuzi 12. Kisha upepo ukakoma, na kwa muda wa dakika 27 baridi ikarudi pale pale ilipokuwa. Vioo vya madirisha vilipasuka kwa mabadiliko hayo. Na huko Loma, Montana, mwezi wa Januari 1972, joto lilipanda kutoka nyuzi 48 chini ya sifuri hadi nyuzi 9 juu yake kwa muda wa siku moja.

Lakini wafugaji wa Montana hawakufundishwa na vipimajoto. Walifundishwa na majira ya baridi ya mwaka 1886 na 1887. Wakati huo ng'ombe walikuwa wengi kupita kiasi, wakilisha bila ua katika nchi tambarare, na wenye mali wengi walikaa mbali. Kiangazi cha 1886 kilikuwa cha ukame, na nyasi zilikuwa zimekwisha kuliwa sana. Karibu hakuna aliyekuwa ameweka akiba ya majani makavu. Theluji ilianza mapema, ikaanguka kwa wingi. Katikati ya majira hayo joto lilikuja kwa muda mfupi, watu wakashukuru. Theluji ikayeyuka juu juu tu. Kisha baridi kali ikarudi, na maji yale yakaganda yakawa kama kifuniko cha kioo juu ya malisho. Ng'ombe hawakuweza kuyavunja ili wafikie nyasi. Wakafa maelfu kwa maelfu.

Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani mwaka 1901, alikuwa na ng'ombe katika nchi jirani ya Dakota, naye akapoteza wengi. Katika Montana, mwenye ng'ombe mmoja aliyekaa mjini aliandika barua kuuliza hali ya mifugo yake. Mchungaji kijana, Charles Russell, alimjibu kwa picha ndogo ya rangi, kadiri ya kadi ya posta. Alichora ng'ombe mmoja aliyekonda mpaka mbavu zikahesabika, amesimama katika theluji, na mbwa mwitu wakimngojea aanguke. Picha hiyo ikaja kujulikana kwa maneno yenye maana ya "Akingojea Chinook". Haikuhitaji maelezo zaidi. Russell akawa baadaye mchoraji mwenye sifa kubwa.

Baada ya msiba huo wafugaji waliacha kuutegemea upepo. Walipunguza mifugo, wakajenga nyua, wakalima majani na kuyakausha wakati wa kiangazi ili yalishwe wakati wa baridi. Hata leo, watabiri wa hali ya hewa watangazapo theluji kidogo na joto la kupanda, mfugaji mwangalifu hafungui malango na kuwaacha ng'ombe wake wajitafutie. Huwatazama ndama, maana manyoya yaliyolowa hayazuii baridi kama manyoya makavu. Huangalia mto, kwa kuwa mapande ya barafu yaliyovunjika huweza kuuziba na kuleta mafuriko. Tena huhesabu majani aliyo nayo ghalani, kama kwamba upepo ule hautakuja.

Upepo wa joto ukija, hushukuru. Usipokuja, au ukija ukaondoka upesi, ng'ombe wake watakula.