Modeli za Ardhi Zinavyosaidia Kufuatilia Kimo cha Ziwa Tanganyika

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuvamia makazi ya mwambao, yakiwemo ya Bujumbura na Uvira. Kwa mkazi wa Kasingirima, Ujiji, kuitazama mvua ya nyumbani hakutoshi kujua ziwa litafika wapi.

Sehemu ya maji huletwa na Mto Malagarasi, unaopita ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi. Humo hukawia, hivyo mto huweza kuendelea kulijaza ziwa hata mvua ikiwa imekatika.

Ukawiaji huo hukokotolewa na modeli za uso wa ardhi, yaani programu za kompyuta zinazopokea takwimu za mvua, joto, upepo na mionzi ya jua, kisha kukadiria maji yaliyozama udongoni, yaliyogeuka mvuke na yanayotiririka. Katika nchi za baridi, modeli hizohizo huhesabu theluji, ambayo hutunza maji hadi iyeyuke. Kigoma, ghala hilo ni udongo na ardhioevu.

Ziwa lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga nchini Kongo. Mengi zaidi hupotea kwa mvuke. Ndiyo maana ziada ya misimu michache hulundikana.

Hata hivyo, modeli hukisia tu. Vipimo vya mvua na vya kimo cha mito ndivyo vinavyoisahihisha, na kituo kimoja kisiposomwa, makadirio ya sehemu yake ya bonde hupwaya.