Saa ya Mkono Isiyo na Betri

Askari anayelinda mpaka Mpondwe, karibu na Bwera, hana budi kujua saa za nchi mbili. Ikiwa ni saa 2 asubuhi upande wa Uganda, ng'ambo ya pili, Kasindi nchini Kongo, ni saa 1 tu. Jua ni moja na mlima Rwenzori ni mmoja, lakini anayepanga miadi bila kutaja saa ya wapi atamngojesha mwenzake saa nzima. Hivyo, mpakani na mjini Kasese vilevile, saa ya mkono si pambo kwa askari; ni chombo cha kazi.

Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za saa kongwe zinazojitia ufunguo zenyewe. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara. Mkono ukitikisika, kipande hicho huzunguka na kuikaza kamani, nayo kamani huyaendesha magurudumu.

Saa ya mkono ya namna hii ilibuniwa na John Harwood, fundi wa Uingereza aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Alitambua kwamba vumbi na unyevu hupenya kwenye tundu la ufunguo, akatengeneza saa isiyohitaji tundu hilo. Alipata hataza Uswisi mwaka 1924. Mwaka 1963 Wajapani walitoa Seiko 5. Lakini mwaka 1969 Seiko hao hao wakaleta Astron, saa ya betri, na baada ya hapo saa nyingi za kamani zikatupwa masandukuni.

Anayezikusanya leo asidanganywe na uso unaong'aa, kwa maana huenda umepakwa rangi upya. Amwombe fundi afungue mfuniko, kisha aivae saa siku nzima na kuilinganisha na saa ya redio. Saa iliyosimama humwonya mwenyewe. Inayochelewa dakika kumi humdanganya kimya kimya, na mwenzake wa zamu hubaki akinyeshewa mvua lindoni.

Utunzaji wake si mgumu. Kwanza, mafuta ya ndani hukauka kwa miaka. Saa yapasa kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta ya saa. Mafuta ya bunduki au ya cherehani hayafai kamwe. Pili, isilazwe juu ya spika ya redio, kwani sumaku huifanya ikimbie. Tatu, tarehe isibadilishwe kwa ufunguo kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, maana wakati huo meno ya tarehe yameshikana na yaweza kuvunjika. Nne, ukiona mvuke chini ya kioo, mpelekee fundi siku hiyo hiyo, kabla kutu haijala magurudumu.

Mwisho, twawaomba wakubwa na wadogo wamheshimu fundi wa saa. Kazi yake yataka jicho, subira na mkono usiotetemeka, wala haifunzwi kwa wiki moja. Fundi akiondoka bila kumwachia kijana ujuzi wake, saa tulizorithi kwa baba zetu zitabaki vyuma vitupu. Basi yafaa kila fundi apate mwanafunzi, na kila saa kongwe ipate fundi mapema.