Kupeleka Picha Kwenye Mashindano



Sisi tukaao Njoro, katika mji wa Moshi, huamka kila siku mbele ya kitu ambacho watu wengine hulipa fedha nyingi na kusafiri mbali ili wakipige picha. Yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza, Kibo huonekana wazi, na barafu yake hung'aa kwa rangi ya waridi. Ikifika saa tatu au saa nne, mara nyingi mawingu yamekwisha kupanda na mlima umejifunika. Mgeni aliyechelewa kuamka hutoka na kamera yake ya thamani, asione ila ukungu; lakini mtoto aliyetumwa maji alfajiri amekwisha kuuona mlima wote, tena bila malipo.

Leo twapenda kueleza habari za mashindano ya picha: ni mambo gani, huingiwaje, na mtu apigaye picha kwa kujifurahisha afanye nini ili asipate hasara wala asimtie mwenzake hasarani. Neno hili la mwisho twalijua vema, maana lilitupata sisi wenyewe, kama tutakavyosimulia.

Mtu apigaye picha kwa kupenda tu, wala si kwa kujipatia chakula chake, huitwa mpiga picha wa ridhaa. Asidharauliwe. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kulelewa Dar es Salaam, alianza utotoni kwa kamera ya sanduku ya Brownie, tena iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mwaka 1963 alianzisha kazi yake iitwayo Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Uhabeshi ziliwaamsha watu wa dunia nzima wakatoa misaada. Alikufa mwaka 1996, katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na yeye aliundwa kidogo kidogo, tangu siku za lile sanduku.

Siku hizi chombo si taabu kubwa kama zamani, kwa kuwa simu ya mkononi ina kamera ndani yake. Taabu iliyobaki ni ya jicho na ya akili.

Katika mashindano mengi liko kundi liitwalo picha za ubunifu. Maana yake ni nini? Picha ya kawaida husema, "Hiki ni kitu fulani." Picha ya ubunifu husema, "Hivi ndivyo nilivyokiona mimi." Tuseme wataka kupiga picha ya mlima. Waweza kusimama barabarani ukaupiga kama wapigavyo wote. Lakini waweza pia kuinama penye dimbwi lililoachwa na mvua, ukaupiga mlima uliopinduka majini, na miguu ya mchuuzi wa ndizi ikipita juu yake. Kitu ni kile kile, bali wazo ni lako.

Mwangaza ndio kalamu ya mpiga picha, basi yampasa aujue tabia yake. Adhuhuri jua huwa juu ya utosi, vivuli huwa vifupi na vyeusi, na macho ya mtu huonekana kama mashimo. Asubuhi na jioni jua huja kwa upande, na kila bonde la mlima na kila kunjo la uso huonekana. Tena, kwetu Moshi, mwezi wa Desemba na Januari jua hupita upande wa kusini, likauangaza vizuri ule uso wa mlima utuelekeao. Mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini, na uso huo hupata mwangaza mchache. Mambo kama hayo mgeni wa siku tatu hawezi kuyajua. Mwenyeji huyajua, na hiyo ndiyo mali yake katika mashindano.

Kwa hiyo twawaambia wanachuo wetu: msitamani kupiga picha za mbali mlizoziona kwa wengine. Tembo mbele ya mlima wamekwisha kupigwa mara elfu. Lakini mifereji ya zamani ya Wachaga, ipitishayo maji katika vihamba. Moshi wa jiko upenyao katika migomba. Mzee apogoaye mibuni. Mambo hayo ni nani atakayeyajua kuliko ninyi? Waamuzi hutazama picha nyingi sana kwa siku moja, na picha huwa na muda mfupi tu wa kuwasimamisha. Ile ifananayo na nyingine mia hupitwa.

Sasa tuseme juu ya masharti. Mtu mwingi huona zawadi kwanza, akasoma masharti baadaye, au asiyasome kabisa. Hayo ni kama kutia sahihi hati ya shamba gizani.

Sharti la kwanza ni habari iliyotakiwa. Yako, kwa mfano, mashindano yaitwayo Wiki Loves Africa, yaliyoanza mwaka 2014, ambayo hukusanya picha za Afrika ili zitumiwe katika Wikipedia na kwingineko. Mwaka ule wa kwanza habari ilikuwa mapishi. Mwaka 2016 ikawa muziki na ngoma. Mwaka 2017 ikawa watu kazini. Picha nzuri ya machweo, ikipelekwa penye habari ya mapishi, haina faida.

Sharti la pili ni siku ya mwisho, pamoja na ukubwa wa picha. Hapa wengi hujikwaa. Ukimpelekea rafiki picha kwa WhatsApp, mara nyingi picha hupunguzwa ili ipite upesi; naye akiituma mashindanoni, waamuzi hupokea kivuli cha picha tu. Itunze picha ya asili katika simu, ukaitume hiyo hiyo.

Sharti la tatu ni ada. Mashindano mengine huingiwa bure, mengine hutaka fedha. Kutoa ada si kosa, lakini uliza kwanza: ni nani waamuzi? Washindi wa miaka iliyopita ni akina nani, na picha zao zaonekana wapi? Usipopata jibu, funga mkoba wako.

Sharti la nne ni haki, nalo ni zito kuliko yote. Ukiisha kuituma picha, ni ya nani? Katika mashindano yale ya Wiki Loves Africa, mpiga picha hubaki kuwa mwenyewe, lakini huwapa watu wote duniani ruhusa ya kuitumia picha, hata kwa biashara, mradi wafuate masharti yaliyowekwa, kama kulitaja jina lake. Ruhusa hiyo ikiisha kutolewa, hairudishwi. Huo ni ukarimu mwema kwa mtu anayejua anachokitoa. Yako na mashindano mengine ambayo maandishi yake madogo humnyang'anya mpiga picha haki zote, hata kama hakushinda kitu. Basi soma.

Sharti la tano ni ukweli. Kuongeza mwangaza kidogo au kukata ukingo wa picha mara nyingi huruhusiwa. Kuongeza kitu kisichokuwapo mara nyingi hakuruhusiwi. Katika mashindano ya picha za wanyama ya makumbusho ya viumbe ya London, picha moja iliyoshinda mwaka 2017 ilionyesha mnyama wa Amerika ya Kusini alaye mchwa, kama mhanga wetu. Mwaka 2018 wataalamu waliamua kwamba yaelekea sana mnyama yule alikuwa mfu aliyejazwa, na zawadi ikaondolewa, ingawa mpiga picha alikana. Tena mwaka 2023, katika mashindano ya dunia ya Sony, Mjerumani mmoja alishinda katika kundi la picha za ubunifu, kisha akaikataa zawadi mwenyewe. Alisema picha ile haikupigwa kwa kamera, bali ilitengenezwa kwa kompyuta, kwa ufundi uitwao akili unde, naye alitaka watu walifikirie jambo hilo. Nasi twalifikiri hivi: kuna uchawi gani wa kompyuta utakaotuambia jinsi mfereji wa Uru ulivyokuwa Jumamosi fulani asubuhi? Hilo laweza kusemwa na mtu aliyekuwapo tu.

Wala msidhani kwamba picha isiyoshinda ni bure. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipanda Kilimanjaro, na kwa picha zilizopigwa wakati ule ikatengenezwa ramani ya mlima na barafu yake. Wataalamu walipolinganisha barafu ya mwaka 1912 na ile iliyobaki mwaka 2007, waliona kwamba yapata sehemu 85 katika kila 100 zimekwisha kutoweka. Picha zile hazikupigwa kwa ajili ya zawadi, na leo ni shahidi. Yamkini picha yako ya mfereji nayo itakuwa shahidi siku moja, mfereji ukiwa umekauka.

Sasa tutimize ahadi yetu, tusimulie kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita, mmoja wa wanachuo wetu alipanda Uru siku ya Jumamosi. Akamwona bibi mmoja ameinama penye mfereji ananawa uso, amevaa kanga ya shambani iliyochanika begani, na jua likipenya katika majani ya migomba. Akaipiga picha, akaenda zake. Ilikuwa picha nzuri kweli. Sisi walimu tuliisifu mbele ya darasa, tukamsaidia kuituma kwenye mashindano. Shindano lenyewe hatulitaji, maana kosa halikuwa lake. Masharti yalikuwa yameandikwa wazi kwamba picha zaweza kutumiwa na mtu yeyote. Kosa lilikuwa letu. Tuliuliza habari za mwangaza, habari za ukubwa na habari za siku ya mwisho. Hatukuuliza kama yule bibi ameruhusu.

Picha haikupata zawadi, lakini ilisifiwa. Baada ya miezi michache ikaonekana katika tangazo la biashara. Kijana mmoja wa kijiji akaiona katika simu yake, na habari ikaenea: bibi amelipwa fedha nyingi na kampuni. Majirani wakamwuliza mbona michango haitoi. Jamaa zake mwenyewe wakaanza kununiana, kila mmoja akidhani mwenzake amekula fungu lake. Na bibi hakuwa amepata hata senti moja, wala hakujua kwamba alipigwa picha.

Tulipopata habari, tulipanda Uru pamoja na yule mwanachuo. Tulichukua jani la isale, ambalo kwa desturi ya Wachaga mkosaji huenda nalo kuomba radhi. Tukabisha hodi, tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akatuitikia, akalitazama lile jani kitambo, kisha akalipokea. Tukamweleza yote. Akasema, "Wanangu, fedha si neno. Mmenionyesha kwa watu nikiwa na kanga ya shambani, kama mtu asiye na watoto. Mngebisha hodi siku ile kama mlivyobisha leo, ningebadili nguo."

Hatukuwa na jibu. Siku ile ile tulikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, majirani wakaitwa, nasi tukakiri mbele yao kwamba bibi hakulipwa kitu, na kwamba sisi ndio tuliokosa. Ugomvi wa jamaa ukatulia polepole. Lakini picha yenyewe ilikuwa imekwisha kutawanyika. Tuliyoweza kuondoa tuliondoa, iliyobaki imebaki.

Kabla hatujaondoka, bibi alituomba jambo moja: apigwe picha nyingine. Akavaa gauni lake la Jumapili, akaketi kwenye kiti mbele ya nyumba, wajukuu wakasimama nyuma yake. Jua lilikuwa la adhuhuri, vivuli vibaya, na kila mtu amekaza uso. Kwa kipimo cha waamuzi haikuwa picha ya kushinda. Tuliisafisha mjini, tukampelekea, naye akaitundika ukutani.

Tangu siku hiyo tumeweka kanuni katika chama chetu cha picha. Mtu atakayeonekana katika picha aulizwe. Akiwa mtoto, waulizwe wazazi wake. Tena asiulizwe tu, "Nikupige picha?" bali aambiwe itakwenda wapi, na ni nani atakayeweza kuitumia. Masharti ya shindano yasomwe kwa sauti na watu wawili, na wasipoyaelewa, picha isitumwe. Akikataa mwenye uso, neno limekwisha, hata jua liwe zuri namna gani.

Yuko atakayesema kwamba kanuni hizi zitatupotezea picha nyingi. Ni kweli, zimetupotezea. Lakini tumeona pia kwamba mtu aliyeulizwa hukuonyesha jambo ambalo usingeliona peke yako: hukupeleka nyuma ya nyumba penye kihenge cha babu yake, au hukwambia urudi kesho alfajiri atakapofungulia maji ya mfereji. Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Katika kazi ya picha, kuuliza ni nusu ya ufundi.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na kamera au simu, anza na kilicho mlangoni pako. Amka mapema. Soma masharti mpaka mwisho. Na kabla hujainua mkono kupiga picha, bisha hodi.

Kwaherini.