Mchoraji Aanze kwa Kusikiliza

Miongoni mwetu wapo wanaoamini kwamba picha nzuri ni ile tu inayofanana na kitu kilichochorwa: ng'ombe awe ng'ombe, mtumbwi uwe mtumbwi. Wakioneshwa uso uliopindwa, wenye rangi isiyo ya ngozi ya binadamu, husema kwamba mchoraji hajui kazi, au kwamba ameiga Wazungu. Leo tunapenda kulijadili jambo hili kwa kumtazama mchoraji Mtanzania, Everlyn Nicodemus, maana njia yake ya kazi ina funzo kwetu sisi wa Mwanza na visiwa vyake.

Nicodemus alizaliwa mkoani Kilimanjaro mwaka 1954. Mwaka 1973 alihamia Sweden, akasoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Elimu hiyo haikumridhisha, kwani aliona inawageuza watu kuwa vitu vya kuchunguzwa. Akashika brashi. Mwaka 1980 alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mtindo wake ni wa jamii ile ambayo wataalamu huiita ekspreshonisti: sura ya nje hupindwa ili yaliyomo moyoni yaonekane. Katika picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, nyuso kadhaa zimeshikana kuwa mtu mmoja. Picha hiyo ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London mwaka 2022.

Hata hivyo, lililo kubwa kwetu ni yale yaliyotangulia rangi. Kati ya mwaka 1984 na 1986 Nicodemus alifanya kazi aliyoiita Mwanamke Duniani, katika mji wa Skive nchini Denmark, Dar es Salaam, na Calcutta nchini India. Kila alipofika aliketi kwanza na wanawake wa mahali hapo, wakazungumza juu ya maisha yao. Baada ya kusikiliza ndipo alipochora na kutunga mashairi.

Wala tusidhani kwamba kupinda sura ni ugeni kwetu. Wasukuma wa chama cha wacheza nyoka, Bayeye, walichora kwenye kuta za ndani za nyumba zao maumbo ya watu, nyoka na wanyama. Hawakukusudia kuiga umbile. Walikusudia maana na nguvu ya kile kilichochorwa. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Kuta za udongo hazidumu, na ndiyo maana leo kitabu cha mgeni kinatutunzia kilichokuwa chetu.

Basi tujiulize: ni nani anayetunza yaliyomo mioyoni mwa watu wa ziwa hili leo? Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, kikiwa na abiria wengi waliotoka gulioni Bugolora. Watu 228 walifariki. Idadi hiyo imeandikwa, na ni haki iandikwe. Lakini idadi haisemi mjane aliamkaje siku ya arobaini, wala mtoto aliutazamaje tena mwambao ule. Hayo hayaingii katika taarifa ya ofisi. Yanaweza kuingia katika picha, ikiwa mchoraji ataketi kwanza na wenye msiba.

Kwa hiyo tunawaomba maafisa utamaduni wa mkoa na wilaya ya Ukerewe walifikirie jambo hili. Wapo vijana wenye mikono mizuri ya kuchora, ambao kazi yao kubwa sasa ni mabango ya maduka na majina ya mitumbwi. Wapelekwe Ukara, wasikilize, kisha wachore. Halihitajiki jengo la fahari; darasa la shule wakati wa likizo latosha kutundikia picha. Sharti letu ni moja: asilazimishwe mtu kusema, na picha zioneshwe kwanza kwa wafiwa wenyewe, kabla ya mgeni rasmi yeyote. Wao ndio watakaojua kama uso uliopindwa umesema kweli.