Simba na Yanga Kwenye Ligi ya Kenya?

Huku Eastlands ninakoishi, kuanzia Majengo ya Pumwani mpaka Umoja, vijana hawaishi kuniuliza: mbona Simba na Yanga wasiletwe kwenye ligi ya Kenya, viwanja vijae?

Kanuni ni kwamba timu hucheza ligi ya shirikisho la nchi yake. Ikitaka kuhamia kwa jirani, sharti mashirikisho yote mawili yaridhie, kisha CAF na FIFA. Si muhali. Al Hilal na Al Merrikh za Sudan, zilipofurushwa na vita, zilicheza ligi ya Mauritania msimu wa 2024/25, lakini kama wageni. Ubingwa haukuwa wao. Hapo ndipo penye fundo. Bingwa wa ligi ndiye anayewakilisha nchi Afrika. Simba akiongoza ligi yetu, ataenda kwa bendera gani?

Halafu nauli. Dar ni zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Gor Mahia labda itajikongoja. Timu ya mtaa kama Kariobangi Sharks itauza nini ifike? (Bandari yetu ya Mombasa ingecheka: Tanga kwao ni karibu kuliko Nairobi.)

Mimi nataka kombe. Mwaka 2019, kwenye Kombe la SportPesa huko Dar, Sharks waliwatoa Yanga, Bandari wakawatoa Simba, fainali ikawa ya Wakenya watupu na Sharks wakashinda 1-0. Ligi ya mtu haikuguswa. Kombe kama hilo lirudi kila mwaka, na mdhamini alipe basi na malazi.