Maneno na Asili Yake: "School"

Neno la Kiingereza tunalolichambua juma hili ni "school". Hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, ila asili yake huenda ikawashangaza walimu wake. Linatokana na neno la Kigiriki skholē, ambalo maana yake ya kwanza haikuwa jengo, mwalimu wala kitabu. Ilikuwa ni wasaa, nafasi anayoipata mtu akiwa hana kazi mkononi.

Wagiriki wa kale waliuthamini mno wasaa huo, hata shughuli za kutafuta riziki wakaziita askholia, yaani kukosa wasaa. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 K.K., aliandika kwamba tunahangaika na kazi ili tupate wasaa. Na muungwana akishaupata, ilimpasa akae na wenzake wajadiliane kuhusu nyota, sheria na uadilifu. Taratibu neno likahama: likawa mazungumzo yenyewe, kisha mhadhara, kisha wafuasi wa mwanafalsafa fulani, hatimaye mahali wanapokutana. Maana ya wafuasi bado i hai. Waingereza huitumia wanapotaja wachumi au wachoraji wenye mtazamo mmoja.

Lakini tusiusifu wasaa huo bila kuuliza ni nani aliyeugharamia. Athens ilitegemea watumwa. Waliochimba fedha katika migodi ya Laurion, na wanawake waliosaga nafaka majumbani mwa mabwana, ndio waliowapa wengine nafasi ya kufikiri, na wao wenyewe hawakuketi kwenye mijadala hiyo. Kwangu mimi, historia ya neno hili isiyowataja watu hao ina pengo.

Warumi walilichukua wakaliita schola, na kutoka Kilatini likaenea Ulaya. Wajerumani wakasema Schule. Serikali yao ya kikoloni ilipofungua shule Tanga mwaka 1892, ili ipate makarani na watumishi, neno lao likapata makao huku. Wao walishindwa vita wakaondoka, "shule" ikabaki. Zanzibar, chini ya Waingereza, watu wakashika "skuli", na hadi leo ndivyo wasemavyo. Kabla ya maneno yote mawili, watoto wa pwani walikuwa wakienda chuoni.

Msomaji akikuta Waingereza wanaita kundi la samaki "school", asidhani ni neno hilihili. Hilo lilitoka kwa Waholanzi, nalo maana yake ni kundi tu. Yamefanana kwa tahajia na matamshi, udugu hayana.