Umedhamini Deni Bila Kujua

Ujumbe unaingia asubuhi na mapema kutoka namba usiyoijua. Una jina kamili la mtu unayemfahamu, pengine na picha yake, na unadai kwamba ni tapeli aliyekimbia na fedha za watu: mwambie alipe leo, la sivyo hatua zitachukuliwa. Wewe hujakopa. Hukujua hata kama jirani yako kakopa, na huenda hamjaongea tangu mlipokutana msibani mwaka jana. Lakini namba yako imo kwenye simu yake, na hilo limetosha kukuingiza kwenye deni.

Swali la kwanza kwa kila anayepokea ujumbe huo ni: namba yangu wameipata wapi? Wengine humlaumu wakala wa pesa na lile daftari lake, wengine kampuni ya simu, wengine Serikali na usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019. Mara nyingi jibu liko karibu zaidi. Wamepewa na aliyekopa, na mwenyewe hajui kwamba ametoa.

Programu ya mikopo ikishapakuliwa kwenye simu janja, huomba ruhusa kadhaa kabla ya kukuonyesha kiasi unachoweza kupata. Tangu toleo la Android 6.0 la mwaka 2015, simu inalazimika kukuuliza ruhusa mojamoja: kamera, mahali ulipo, meseji, majina. Kabla ya hapo ulikuwa unakubali vyote kwa mkupuo wakati wa kupakua. Mabadiliko yalikuwa mazuri, ila walioyabuni walimfikiria mtu mwenye nafasi ya kusoma. Mtu anayetafuta elfu hamsini usiku ili ampeleke mtoto hospitali hasomi. Anabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, na kwenye simu nyingi zinazouzwa huku hata neno lenyewe liko kwa Kiingereza. Akisharuhusu, programu inaweza kusoma orodha yote ya majina na namba na kuinakili kwenye kompyuta za mkopeshaji. Majina mia tano ni faili dogo kuliko picha moja ya harusi. Hutaona bando limepungua. Kesho yake ukiifuta programu, umeiondoa kwenye simu yako tu. Nakala imebaki kwao.

Nimelifikiria jambo hili nikiwa na Nyangoto akilini, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni fedha. Nyangoto iko eneo la Nyamongo wilayani Tarime, ubavuni mwa mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002 na ambao tangu 2019 uko chini ya Barrick, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Uchumi wa mahali kama hapo hauendi kwa kalenda ya mshahara wa mwalimu. Mchimbaji mdogo, mama lishe, dereva wa bodaboda, mwenye duka la vipuri: wiki hii wameshika, wiki ijayo wanasubiri. Mkopo wa dakika tano, usioulizia hati ya mshahara wala hati ya shamba, umeshonwa kwa kipimo cha watu hao.

Sababu ya pili ni majina yenyewe. Kwa Wakurya, akina Mwita, Chacha, Marwa, Bhoke na Ghati wamejaa kila kitongoji, na huwezi kuweka akina Chacha kumi kwenye simu bila kuwatia alama. Kwa hiyo tunaandika Chacha Bodaboda, Chacha Mgodini, Mwita Kewanja, Bhoke Mama Ntilie, Marwa Mkwe. Fungua simu yako uangalie. Umeandika humo kazi ya mtu, kijiji chake na undugu wenu, na hakuna hata mmoja uliyemuuliza. Sasa isome orodha hiyo kwa jicho la mkopeshaji: nani ana ajira, nani ana biashara, nani akiambiwa habari hii mkopaji atatamani ardhi immeze. Kompyuta haihitaji akili nyingi kuwachambua. Inatafuta maneno Mama, Kaka, Bosi, Mchungaji, Mkwe. Na kwa kijana ambaye bado anadaiwa ng'ombe wa mahari, polisi si kitisho kikubwa kama ujumbe uliotua kwenye simu ya baba mkwe.

Wapo watakaosema hawana cha kuficha, kwani taarifa zao zina thamani gani? Mtu wa Nyamongo hapaswi kuuliza hivyo. Kwa miaka mingi jina la eneo hilo limetembea pamoja na neno tegesha: kujenga vibanda na kupanda mazao harakaharaka pale mtu anapodhani mgodi utapanuka, ili tathmini ya fidia imkute. Sema utakalosema kuhusu tegesha, lakini aliyejua mapema mgodi utaelekea wapi alikuwa ameshika mali kabla hajagusa tofali la kwanza. Mkopeshaji wa mtandaoni naye anategesha, ila yeye anategesha kwenye majina yako.

Kumtumia mtu wa karibu kuwa kinga ya deni hakukubuniwa na vijana wa kompyuta. VICOBA, ambavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua katika daraja la nne, vimesimama juu ya jambo hilohilo. Hupati mkopo mpaka wenzako wakusimamie, na siku ya marejesho aibu ni sehemu ya riba. Lakini mdhamini wa kikoba ametia saini. Anajua kiasi kilichochukuliwa na siku ya kurejesha. Anaweza kukataa mapema, na ukichelewa anakuja kwako mwenyewe, mnazungumza, na maneno yanaishia ndani ya kikundi. Mdhamini wa programu hajui kama yeye ni mdhamini hadi siku deni linapochacha. Matangazo yanasema mkopo bila dhamana. Dhamana ipo, ni heshima ya mkopaji mbele ya watu wake, na watu hao wametumika bila kuombwa. Kwa mkopeshaji, dhamana hiyo haimgharimu hata senti, ndiyo maana anaweza kumkopesha mtu asiyemjua saa nane za usiku.

Si kila mkopo wa simu uko hivi, na kuchanganya mambo kunawaponza watu. Huduma zinazopatikana kwa kupiga nyota na namba, kwa mfano M-Pawa iliyoletwa na Vodacom mwaka 2014, haziwezi kuona majina yako. Menyu ya aina hiyo ni mazungumzo kati ya laini yako na mitambo ya kampuni. Haiingii kwenye kumbukumbu ya simu. Kampuni inakupima kwa rekodi ambazo tayari inazo: umetumiwa shilingi ngapi, unanunua vocha mara ngapi, umekaa na laini kwa muda gani. Hilo nalo lina maswali yake, ila halimhusishi mkweo. Ni moja ya sababu zinazonifanya nimheshimu mwenye kitochi. Simu ile tunayoicheka haiwezi kupakua programu ya kumsaliti.

Google yenyewe ilishtuka, japo kwa kuchelewa. Mwaka 2019 ilianza kuzibana programu zilizokuwa zikisoma meseji na kumbukumbu za simu zilizopigwa. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023 ikazikataza programu za mikopo binafsi zilizomo kwenye duka lake la Play Store kugusa majina na picha. India ilikwishatangulia: mwongozo wa Benki Kuu yao wa Septemba 2022 uliwataka wakopeshaji wa kidijitali waachane na orodha za majina. Lakini katazo la Google linaishia mlangoni mwa duka lake. Programu inayotumwa kwa kiungo cha WhatsApp, ukaambiwa uiruhusu simu kupakua kutoka vyanzo visivyojulikana, haijapita mlango huo. Ukiona mkopeshaji hataki kukutana nawe dukani, jiulize kwa nini.

Hapa Tanzania, Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa daraja la pili wanaotumia njia za kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Niliipokea orodha hiyo kwa shukrani na kwa mashaka. Shukrani, kwa sababu mwananchi alipata kitu cha kushika. Mashaka, kwa sababu programu iliyofungiwa leo inaweza kurudi kesho na jina jipya na rangi nyingine, huku yale majina iliyokwishayachukua yakiwa palepale. Ninayoithamini zaidi ni orodha ya pili, ya wenye leseni. Ni afadhali kumtafuta mkopeshaji humo kuliko kukariri majina ya wakosaji.

Silaha kali zaidi ninaiona kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Haki ya faragha ilikuwapo kwenye Katiba, ibara ya 16, lakini ilikosa mtu wa kuisimamia kila siku. Sheria hii inamtaka anayekusanya taarifa awe na lengo halali na linalojulikana, achukue kinacholingana na lengo hilo tu, na kwa kawaida azichukue kwa mwenyewe. Wanasheria watabishana kuhusu vifungu. Mimi natazama mantiki: hata kama mkopaji amebonyeza ruhusu kwa akili timamu, ametoa ridhaa yake. Hawezi kutoa ridhaa ya Bhoke, ya Ghati, na ya watu wengine mia tano. Namba ya Bhoke iko kwenye simu ya Mwita kwa sababu Bhoke alimpa ili wapigiane. Ikihamia kwa mkopeshaji aliyeko Dar es Salaam, au nje kabisa ya nchi, ridhaa ya Bhoke iko wapi?

Hoja hii imeshafanya kazi ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Aprili 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza faini ya shilingi milioni 5 za Kenya kampuni ya mikopo iitwayo Whitepath. Septemba mwaka huo ikafuata Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa shilingi 2,975,000. Kosa la Mulla Pride lilikuwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine, kisha kuwaandama wenye namba hizo kwa simu na meseji za vitisho. Ni fedha kidogo kwa biashara ya aina hiyo, nakubali, lakini aliyedhulumiwa alitajwa kuwa ni mwenye namba, awe amekopa au hakukopa.

Sitetei wanaokopa na kuzima simu. Deni ni deni, na mtu aliyekopa programu tatu ili alipe ya nne anahitaji rafiki wa kumkalisha chini. Ila kudaiwa hakumwondolei mtu haki zake, sembuse jirani yake asiyedaiwa.

Kama bado hujakopa, ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya programu, kisha ruhusa, uone ni nani anasoma majina yako. Mkopeshaji, tochi na mchezo wa karata havina sababu ya kuyasoma. Programu isipokubali kufanya kazi bila ruhusa hiyo, imekueleza biashara yake. Ningependa pia kukushauri uache kuandika Mkwe na Mgodini mbele ya majina, lakini najua hutanisikiliza, na kwa akina Chacha wengi namna hiyo hata mimi ningeshindwa.

Ukiwa wewe ndiye uliyepokea ujumbe, jambo la kwanza ni kutousambaza. Wengi huupeleka moja kwa moja kwenye kundi la ukoo au la kwaya, wakiuliza kama ni kweli, na kwa kufanya hivyo wanaimaliza kazi ya mkopeshaji bure. Mpigie anayetajwa, faragha, umwambie kilichokufikia. Usiufute, upige picha ya kioo, iliyo na namba na tarehe. Kama ni utapeli mtupu, ule wa kuambiwa tuma ile hela kwenye namba hii, uripoti namba hiyo kwenda 15040 ya TCRA. Kama ni mkopeshaji anayetishia, kuna Benki Kuu kwa upande wa leseni, kuna polisi kwa vitisho, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaugusa unyanyasaji wa aina hiyo, na kuna Tume kwa upande wa namba yako. Kwenye malalamiko kwa Tume huhitaji kueleza mkopo ulikuwa wa shilingi ngapi wala kama umelipwa. Eleza kwamba hukuwahi kuipa kampuni hiyo namba yako, na utake iseme iliipata kwa nani, kwa idhini ipi, na lini itaifuta.